Maji Safi ya Alhamisi Kuu

Habari hii imetufikia kutoka kwa wazee wa kanisa la Kwezindo, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, nao waliisimulia bila kujificha ijapokuwa haiwapambi. Wanasema kwamba katika miaka ile ambayo padre mmoja alihudumia makanisa manane ya milimani kwa miguu, na kila kanisa likamwona mara mbili tu kwa mwaka, palikuwa na mwalimu mcha Mungu aliyeitwa Silvano. Yeye ndiye aliyewasalisha watu asubuhi na jioni, akawafundisha wanafunzi wa ubatizo, akawazika wafu. Hakunywa pombe, hakumpandishia mtu sauti, na kila Ijumaa alifunga hata katika majira ya kulima. Wote waliomjua wanakubaliana juu ya hayo, na ni haki tuyaseme kwanza, kwa maana hiki si kisa cha mtu mwovu.

Padre alikuwa akifika Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka. Kwa hiyo Alhamisi Kuu ilimwangukia Silvano. Kwa ruhusa ya padre aliwaosha miguu wazee kumi na wawili wa kanisa, kama Bwana wetu alivyowaosha wanafunzi wake. Mwaka wa kwanza wazee walitoka moja kwa moja mashambani, wakakaa kwenye mabenchi mawili mbele ya altare, tope likiwa limewapanda mpaka kwenye vifundo. Silvano alipiga magoti na beseni la bati. Alipofika kwa mzee wa tatu maji yalikuwa mekundu kama udongo wa Kwezindo wenyewe, na ilibidi yabadilishwe mara nne. Alilia waziwazi alipokuwa akiosha.

Sasa tuangalie vizuri hatua kwa hatua, kwa sababu unafiki haukuingia Kwezindo kwa kishindo. Mwaka wa pili wake za wazee waliona haya waume zao kumpa Mwalimu miguu yenye tope, wakataka kuwaosha nyumbani. Lakini waliotoka mbali wangekanyaga tope tena njiani. Silvano, kwa nia njema kabisa, akaagiza wazee wote wakutane Jumatano kwenye kijito kilicho nyuma ya kanisa, waoshwe na mjane Febronia, aliyefagia kanisa na kufua vitambaa vya altare. Febronia aliwasugua kwa gunzi na mchanga, akawakata kucha kwa kisu kidogo, akawapaka mafuta ya nyonyo, na waliotoka mbali wakalala nyumba za jirani. Jumatano ilikuwa siku ya gulio bondeni, kijiji kilibaki kitupu, na hakuna aliyeona. Alhamisi asubuhi Silvano alitandika majani mabichi kutoka njia kuu hadi mlangoni. Watu walidhani ni taadhima.

Basi mwaka ule mama mmoja aitwaye Marselina, aliyepewa kazi ya kulitoa beseni nje baada ya ibada, alisimama mlangoni akasema kwa mshangao, "Jamani, maji yametoka kama yalivyoingia."

Alisema hivyo tu. Lakini kufikia Jumapili watu walikuwa wakisema kwamba wazee wa Kwezindo wana mioyo safi hata maji hayaoni la kuchukua. Mwaka wa tatu walikuja na vibuyu, wakayateka maji yale kwenda kuwapa wagonjwa. Marselina mwenyewe alimnywesha mumewe, aliyekuwa na maradhi ya kifua, na kwa kuwa alikuwa na maji yale hakuona sababu ya kumpeleka kwenye dawa za misheni, mwendo wa siku mbili. Mume alifariki kabla ya mavuno. Marselina alisema ni mapenzi ya Mungu.

Silvano aliyasikia yote. Mara ya kwanza alidhamiria kuwasahihisha baada ya ibada, lakini mtu alimsimamisha kwa salamu, na aliponyanyua macho watu walikuwa wameondoka. Mara ya pili aliona kwamba kusema kutawaaibisha wazee. Mara ya tatu hakutafuta sababu. Na wazee nao? Walijua walivyosuguliwa Jumatano, na bado waliamini. Kila mmoja alihesabu kuoshwa kwake kuwa ni adabu tu, na ule weupe wa maji kuwa ni neema. Mkubwa wao, Mzee Yeremia, alifika mahali pa kufundisha kwamba mwenye dhambi iliyofichwa akitia mguu beseni litachafuka. Mwaka wa nne Silvano mwenyewe alisimama akahubiri kuwa usafi wa moyo haujifichi.

Tangu siku ile alikuwa mtu wa hofu. Kwaresima ilipoanza alianza kutazama mawingu. Alilikagua beseni kana kwamba lingeweza kuota kutu kwa usiku mmoja. Mtu akimwita ghafla barabarani, kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa kwamba amejulikana, na aliposikia kuwa ni habari ya mbuzi aliyepotea alimshukuru Mungu kwa shukrani isiyo na heshima.

Mwaka wa tano mzee mmoja kati ya wale kumi na wawili alikufa, na mahali pake pakabaki wazi.

Mwaka huohuo, miongoni mwa waliongojea kubatizwa Pasaka, alikuwemo mtu mzima aliyeitwa Mbelwa. Alikuwa mpagazi wa misafara ya pembe za ndovu kwa miaka kumi na minane, akarudi milimani na kikohozi, hana mke wala mtoto, na miguu iliyoliwa na funza. Funza walikuwa wageni katika nchi yetu siku zile, waliletwa na misafara hiyohiyo, na watu waliwaogopa kama laana. Mbelwa alikuwa amefundishwa miaka miwili. Padre alikwisha kuandika barua kwamba atawabatiza wale tu ambao wazee watawashuhudia.

"Miaka kumi na minane nyuma ya wenye bunduki," alisema Mzee Yeremia katika kikao cha wazee. "Nani anajua ameona nini huko, amefanya nini?"

"Amejibu maswali yote," alisema Silvano.

"Hata kasuku wa Mwarabu hujibu, Mwalimu."

Wazee wakacheka. Yeremia akaendelea kwa upole, maana hakuwa mtu mkali. "Mahali pa marehemu pako wazi. Tumkalishe pale Alhamisi. Maji yakitulia, Jumapili nitamshuhudia mimi mwenyewe mbele ya padre. Yakichafuka, aendelee kungoja."

"Lakini miguu yake mnaiona."

"Si ataoshwa na Febronia kama sisi? Haki ni moja kwa wote."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Silvano aliwatazama wale wazee, na wao wakamtazama kwa upendo, na yeye akasema, "Haya."

Jumatano Febronia aliwamaliza wazee kumi na mmoja kabla ya saa sita, kisha akamwita Mbelwa kwenye jiwe. Aliinama juu ya miguu ile kwa muda mrefu akiwa na mwiba wa mlimau mkononi. Vidole viwili havikuwa na kucha. Chini ya kisigino funza walikuwa wamejipanga kama punje za mtama.

"Baba, hawa wamekaa tangu lini?"

"Hao ni wapangaji wa zamani, mama," alijibu Mbelwa. "Wengine nimewatoa Tabora. Wafukuze kwa heshima, wamezoea."

Febronia alicheka mpaka akaweka mwiba chini. Kisha akafanya kazi. Kila alipomtoa funza damu ilitoka na usaha nyuma yake, na kila mara Mbelwa alisema, "Niwie radhi, mama," kana kwamba yeye ndiye aliyemchoma. Jua lilipopinda, funza walikuwa wametoka, lakini miguu ilikuwa vidonda vitupu.

Mbelwa aliutazama mguu wake, akamtazama Febronia. "Mama, nisaidie jambo moja. Leo ninaoshwa. Kesho ninaoshwa tena. Hiyo kesho Mwalimu ataosha nini?"

"Muulize mwenyewe," alisema Febronia, maana Silvano alikuwa amesimama juu ya ukingo.

Mbelwa akamwuliza kama mwanafunzi anavyomwuliza mwalimu wake, bila hila yoyote. Silvano alisema, "Ni desturi yetu." Kisha akashuka, akachuchumaa mbele yake, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, miguu hii inauma. Sioni ubaya tukiahirisha. Ipone kwanza, na mwaka ujao ubatizwe bila tabu."

Mbelwa alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Mwaka ujao unao wewe, Mwalimu. Mimi sijui kama ninao. Lakini ukisema ningoje, nitangoja. Wewe ndiye unayejua mambo ya Mungu."

Wazee waliosimulia wanasema kwamba Silvano hakuwahi kupigwa kofi maishani mwake, ila siku ile. Hata hivyo hakutubu. Moyo ulioogopa muda mrefu hutafuta njia ya tatu. Alimwambia Febronia avifunge vidonda kwa vitambaa vyeupe na kuvikaza sana. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu: atamwosha Mbelwa mwisho, atamwagia viganja viwili vya maji juu ya mguu tu, mbali na vidole, na kumkausha upesi kwa kitambaa cheusi.

Febronia alimsikiliza mpaka mwisho. Mbelwa alikuwa amekwenda kulala kivulini.

"Mwalimu, mimi nimewaosha hawa mwaka wa nne huu. Kuna aliyewahi kuniuliza maji yangu mimi hutoka vipi?"

"Yako yanakwenda na kijito."

"Yanakwenda meusi. Kama maji husema, basi yangu yamesema habari za wazee wote na wewe hukuja kusikiliza." Aliinamisha kichwa, kwa kuwa hakuwa amezoea kumwambia mkubwa maneno ya namna hiyo. "Nami nimenyamaza. Nilipenda kuambiwa kwamba nina mkono mzuri. Kwa hiyo sikuhukumu. Ila mtu huyu nimemshika miguu yake tangu adhuhuri, na sitaweza kukaa kanisani nikimtazama anarudishwa."

"Utasema?"

"Sijui, Mwalimu. Naomba usinifikishe huko."

Alhamisi mvua haikunyesha. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje ya madirisha, wengi wakiwa na vibuyu. Silvano alifunga taulo kiunoni, akapiga magoti. Mzee Yeremia alikuwa wa kwanza. Maji yalibaki safi. Wa pili, wa tatu, safi. Kwa kila mguu aliouinua Silvano alijiambia kwamba atasema baada ya huu, na baada ya huo akajiambia hivyo tena. Alipofika kwa mzee wa saba, nyuma ya kanisa mtu alianza kumshukuru Mungu kwa sauti nyembamba. Silvano aliinamisha kichwa zaidi, na watu wakaona ni unyenyekevu.

Wa kumi na moja. Chini ya maji alikuwa akiona mchoro wa ua uliochorwa na kiwanda, kila jani lake.

Kisha Mbelwa. Febronia alisimama karibu na ukuta, mikono imeshikana. Mbelwa hakuutia mguu majini. Aliinama mpaka kichwa chake kikakaribia kile cha Silvano, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia:

"Mwalimu, nifungue au nisifungue?"

Lilikuwa swali tu. Mtu yule hakujua lolote. Alitaka kufanya ibada sawasawa, asikosee. Lakini watu wa benchi la mbele walisikia, wakalinong'ona nyuma mpaka madirishani. Silvano alibaki amepiga magoti, akivitazama vile vitambaa vyeupe. Mzee Yeremia alikohoa kumkumbusha.

"Fungua," alisema Silvano.

Mbelwa akaanza kufungua, na Silvano akageuka kuwatazama watu akiwa bado amepiga magoti. Hakunyanyua sauti. Alisema, "Miguu ya wazee hawa kumi na mmoja imeoshwa jana kwenye kijito. Febronia ndiye aliyeiosha, kwa amri yangu, jana na miaka yote minne. Maji haya ni safi kwa sababu hayajafanya kazi. Nilijua mnavyodhani. Niliwaacha mdhani. Mwaka jana niliwahubiria hivyo."

"Mwalimu," alisema Mzee Yeremia, "maneno haya ni ya kikao. Tutayasema baadaye, sisi kwa sisi."

"Niliwadanganya hapa, Mzee. Nikiyasema kwenye kikao nitakuwa nimeungama kwa nani?"

Akauchukua mguu wa Mbelwa kwa mikono miwili, akautia wote. Vidonda vilifunguka na maji yakachafuka mara moja, na ule mchoro wa ua ukapotea. Aliosha polepole, kidole kwa kidole. Mbelwa alisema, "Niwie radhi, Mwalimu," na Silvano akauchukua mguu wa pili.

Hakuna aliyeimba. Watu walitoka mmoja mmoja, na vibuyu vikigongana. Aliyebaki ni Marselina, amesimama katikati ya kanisa.

"Na yale niliyompa mume wangu, baba Perusi?" aliuliza.

Silvano alisema, "Yalikuwa maji ya kijitoni, mama."

"Nilikuwa na nguvu ya kumbeba. Siku mbili, ningembeba." Hakulia. Alitaka tu Silvano ajue. Kisha akatoka, na tangu siku ile mpaka kufa kwake hakumsalimu tena Silvano, wala Silvano hakudai. Kila mwaka, wakati wa kulima, Silvano alikwenda kumlimia shamba lake la mahindi kuanzia upande wa chini, na yeye Marselina akilima kuanzia upande wa juu, na walipokaribiana Silvano aliondoka. Si kila kitu toba hukirudisha, na wanaosimulia kisa hiki wakiruka mahali hapa hawakitendei haki.

Padre alifika Jumamosi, akaelezwa. Alimwondoa Silvano katika kufundisha kwa mwaka mzima, na katika ushirika mpaka Pentekoste. Kisha akawakusanya wazee kuhusu waliongojea ubatizo. Jina la Mbelwa lilipotajwa, walitazama sakafu.

"Mzee Yeremia?"

"Padre, mimi juu ya mtu huyu sikuwa na shahidi ila maji," alisema Yeremia. "Sasa sina kitu. Na juu yangu mwenyewe vilevile sina."

Ndipo Febronia akaomba kusema, jambo ambalo wanawake hawakuwa wakilifanya katika kikao kile. Padre akamruhusu.

"Nimewaosha wazee hawa miaka minne, na sisemi kwa ubaya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia niwie radhi kwa uchafu alioniletea. Mbelwa aliniambia kwa kila funza, na nilipochoka kuhesabu walikuwa wamepita thelathini. Mimi namshuhudia."

Padre akawatazama wazee. Yeremia ndiye aliyenyanyua mkono wa kwanza, kisha wengine. Siku ya Pasaka asubuhi Mbelwa alibatizwa kwa jina la Onesimo, Febronia akiwa msimamizi wake, miguu yake ikiwa imefungwa kwa vitambaa vipya na hakuna aliyetazama chini. Aliishi miezi saba baada ya hapo. Silvano ndiye aliyemchimbia kaburi.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa amerudishiwa kazi yake na kuzeeka ndani yake, walimu vijana walimwuliza Silvano ilikuwaje akapata ujasiri ule mbele ya watu wote. Aliwaangalia kwa wasiwasi, kama mtu anayesifiwa kwa mali ya mwenzake.

"Msiseme ujasiri," aliwaambia. "Nimelichunguza jambo lile miaka yote hii. Kama miguu ya Mbelwa ingekuwa mizima Alhamisi ile, ningenyamaza, na mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka mngenizika kwa heshima. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo."

Enyi waaminio, tusiharakishe kujitenga na watu wa Kwezindo. Walikuwa wakisali kuliko sisi, na walifunga kuliko sisi. Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kumdanganya Mungu. Walianza kwa kuona haya ya tope, jambo ambalo hata sisi tungeliona. Basi kila mmoja wetu ajiulize, kwa hofu inayostahili, ni kitu gani tunachokimaliza faraghani ili mbele ya ndugu zetu kionekane neema. Na tukimkuta mtu anayetuuliza kwa moyo mweupe afungue au asifungue, Mola atujalie tumjibu kabla hajalazimika kuuliza mara ya pili.